Nilimkataza mgeni wetu kushika mic kwa sababu TV ilikuwa na stima mwilini

Wakuu, mko salama humu ndani? Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu na kuondoka kimyakimya, nimewahi kuuliza swali moja tu. Leo nimejikaza niandike, na sijaongeza chumvi hata kidogo. Mengi nimenakili kutoka kwa diary yangu, nimeruka tu mahali nilipomsema uncle vibaya.

Niko form three, msichana, kwetu ni karibu na Ekero. Kuongea mbele za watu ni shida yangu kubwa. Darasani naweza kuwa najua jibu kabisa na bado naangalia dawati mpaka mwalimu achoke.

Huku sasa hivi miwa inalipa vizuri. Matrekta yanapita na mizigo mchana kutwa, chai yenyewe tunakunywa na vumbi. Kila boma linavuta stima. Baba naye akavuta, kisha akanunua TV kwa injinia mmoja aliyekuwa anahama. Kubwa, nzito, ya zamani kabisa. Ililetwa na mkokoteni wa ng'ombe.

Picha ilikuwa safi. Sauti sasa... ilikuwa inanong'ona kama mimi.

Na dada yangu Nekesa alikuwa anangoja bakwe, yaani mchumba wake na watu wa kwao, waje kujitambulisha. Baba akataka wakute nyumba inayosikika. Akamwita uncle Makokha, mdogo wake, ambaye hufungia makanisa vyombo vya sauti.

Uncle akafungua TV mgongo, akatoa waya kutoka ndani, akaupeleka kwa amplifier yake ya chuma. Kwa amplifier akachomeka mic, ya kukaribishia wageni.

Wakuu, nyumba ilitetemeka! Jirani alikuja kuuliza ni crusade ya nani.

Kesho yake nikipanguza vumbi, mgongo wa mkono wangu ukagusa ile amplifier. Iliniuma, ule uchungu wa kuwashawasha unaopanda mpaka kiwiko. Nikamwambia uncle.

"Hiyo ni kukusalimia tu," akasema. Akachomoa plagi ya TV, akaigeuza, akairudisha. "Gusa sasa."

Nikagusa. Kimya.

"Si imepona? Wewe soma vitabu, vyombo niachie."

Niwaeleze kuhusu hiyo plagi. Ni ya miguu miwili, na soketi ni ya mashimo matatu, kwa hivyo unasukuma kalamu kwa shimo la juu ndiyo iingie. Inaingia upande wowote unaotaka. Najua wengi wenu mnafanyanga hivyo, msijifanye.

Sikutulia. Nikaja humu jukwaani kwa simu ya mama nikauliza. Mkuu mmoja, wacha nisimtaje, akanijibu hivi:

"Dogo, TV nyingi za zamani hazina transformer ya kutenganisha stima ya ukutani na chasis, yaani kile chuma cha ndani ambacho sakiti zote zimeungwa nacho. Waya mmoja wa ukutani unaingia moja kwa moja kwa chasis. Ukiwa ni neutral, ule usiouma, unaona kumetulia. Plagi ikigeuka, chasis yote ni live, yaani ina stima. Ndiyo maana TV imefunikwa kila mahali, mtu asiguse. Sasa nyinyi mmetoa waya nje. Amplifier ni live, mic ni live. Tenganisheni kabla hamjaua mtu."

Nilisoma mara nyingi mpaka mama akadai simu yake.

Asubuhi ya siku ya wageni nikamwendea baba. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri, lakini yalitoka nusu. Baba akaniangalia kwa huruma: "Mama, uncle yako ameshageuza. Leo si siku ya physics, leo ni siku ya Nekesa. Enda usaidie jikoni."

Ananiitanga mama kwa sababu nina jina la mama yake. Ukiitwa hivyo huwezi kubishana.

Jikoni ingokho, kuku wa wageni, zilikuwa zinachemka na obusuma, ugali wetu, inasongwa. Nekesa akapita mbio, akachomoa TV apige gauni pasi, akachomoa pasi, akarudisha TV. Upande gani? Hata yeye hakujua. Nikachukua tester ya baba, ile bisibisi yenye kataa kanakowaka kikigusa stima, nikaificha kwa leso kiunoni.

Bakwe wakaingia. Mama ya mchumba ni mama mzito, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, mtu ambaye akikohoa watu wanakaa sawa. Walivua viatu mlangoni, na sakafu ilikuwa imepigwa maji muda si mrefu.

Kazi yangu ilikuwa kunawisha wageni. Unajua ile ya kupiga goti, beseni mkono huu, jagi mkono huu. Nikamnawisha yule mama. Kabla sijampa taulo, uncle akatangaza: "Sasa mama yetu atatuombea chakula!" Akaweka mic mezani mbele yake.

Mikono inachuruzika maji, miguu mitupu kwa simiti yenye maji. Mkono ukaenda.

"Mama, usishike!"

Hiyo sauti ilikuwa yangu, wakuu. Mpaka leo siamini.

Kumwambia mkwe asiguse kitu nyumbani kwenu! Nekesa alifunga macho. Nikajua kama nimekosea, nimemharibia dada ndoa yake kwa neno moja.

"Huyu mtoto ana nini?" uncle akafoka.

Nikafuta mikono kwa leso mpaka ikakauka, nikatoa tester, nikagusa kichwa cha mic. Kataa kakawaka. Nyekundu, kila mtu akaiona.

Baba aliruka kutoka kwa kiti. Alichomoa plagi yeye mwenyewe, kisha ile ya amplifier, kisha akasimama tu ameshika nyaya mbili kama mtu aliyeua nyoka.

Yule mama akaangalia mikono yake iliyolowa. Akaangalia mic. Akaniangalia mimi.

"Na huyu ndiye mlituambia haongeangi?"

Mtu akacheka, halafu wote. Hata uncle, ingawa yake ilichelewa. Yule mama akaomba bila mic, na nawaambia hakuihitaji. Jirani alisikia amina.

Nekesa ameshachumbiwa rasmi. Waya wa uncle umetolewa, TV imerudi kunong'ona, na baba amekubali hivyo.

Nilichojifunza: TV ya zamani ikikaa peke yake imefungwa, imejilinda. Hatari inaanza ukitoa waya nje bila kitu cha kuitenganisha na stima ya ukutani. Kugeuza plagi si kutengeneza, ni kubahatisha. Na kama kitu kimekuuma, sema, hata kama sauti inatetemeka.

Sasa mniokoe. Mama mkwe wa Nekesa ametuma salamu kwamba Jumamosi niende kwao nikapime TV yao, na ameita na majirani waje na maswali. Nimekubali. Nikifika, nianze kupima wapi? Na mkiongea mbele ya watu wengi, macho mnaweka wapi?