Orodha ya Bi Sharifa

Hapa Mtawanya, Mtwara, wanawake wengi wa rika langu tumepita mikononi mwa Bi Sharifa. Ndiye kungwi wetu. Alitucheza unyago sisi, akawacheza na binti zetu. Shule aliishia darasa la tatu, ila ukitaka kumdanganya utachoka mwenyewe.

Mwaka 2007 sekondari yetu ilipata kompyuta nane zenye intaneti. Mwezi haujaisha, wanafunzi wa kidato cha pili wakakutwa wanatazama picha za uchi. Ukaitishwa mkutano wa wazazi. Waume zetu, ambao kanda zao za picha hizohizo tunazijua zilipo chini ya godoro, ndio waliofoka zaidi: chumba cha kompyuta kifungwe.

Bi Sharifa alikuwa na mjukuu, Nuru, wa kidato cha tatu. Alikuwa anaandika kazi ya sayansi juu ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho. Vitabu vya ugonjwa huo shuleni havikuwepo. Chumba kikifungwa, kazi ya Nuru imekufa.

Mwalimu Innocent, kijana wa Bukoba, akaeleza kuwa ipo programu ya ulinzi, kama ukuta. Tovuti iliyo kwenye orodha inapita, nyingine zote zinarudishwa. Wazee wakaguna, ukuta usioonekana nani ataupima?

Bi Sharifa akauliza, "Orodha anaandika nani?"

"Mimi, mama."

"Peke yako? Hapana, baba. Sisi wali wetu, wasichana walio unyagoni, hatumwachii mtu mmoja kuwalindia mlango. Jumamosi nakuja kuupima huo ukuta."

Mkutano ukakubali kusubiri mpaka Jumamosi.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi na Mama Elizabeti, muuguzi. Bi Sharifa akavuta kiti, akamwambia mwalimu aandike. Akaanza kumtajia maneno ya kutafuta. Jamani, yule ni kungwi, hakuna asilolijua. Mwalimu alitokwa jasho mpaka shati likamganda, na mengine aliomba yasirudiwe.

"Andika, baba. Waliotengeneza picha hizo hawakuona haya."

Majina ya kurasa yakatokea, lakini kila alipobonyeza moja kioo kilijibu kuwa hairuhusiwi. Neno la ishirini, hairuhusiwi. Mama Elizabeti alicheka mpaka akatoka nje.

Kisha Bi Sharifa akasema, "Sasa tafuta ugonjwa wa mikorosho."

Hairuhusiwi.

Mwalimu akaona aibu kuliko mwanzo. Baada ya mkutano orodha aliiandika na walimu wenzake wa kiume: mtambo wa kutafutia, magazeti matatu, wizara, na kurasa mbili za mpira. Watu wa Mtwara wanakula kwa korosho, na korosho hawakuikumbuka.

"Mpira umepita," Bi Sharifa alisema, "chakula kimebaki nje. Huo ukuta mzuri, ila mlinzi wake hajui wenyeji."

Wakaketi kuongeza. Kituo cha utafiti wa kilimo kikaingia, Mama Elizabeti akaingiza kurasa za afya ya uzazi, mpira ukabakiziwa ukurasa mmoja kwa huruma. Wiki iliyofuata Bi Sharifa aliwaambia wazee kuwa ameupima mwenyewe, na anayebisha aje amtajie neno ambalo yeye hakulijaribu. Chumba kikabaki wazi.

Siku hizi kila muhula unapoanza anafika pale, anakaa kiti kilekile. Nuru, mtu mzima sasa, anamsomea orodha, jina moja moja, na bibi anauliza, "Huyu naye kaja kufanya nini?"