Mkate wa Saa Mbili na Nusu

Saa saba kamili mchana Deolinda alifunga mlango wa tanuri, akaziba kingo zake kwa ujiuji wa majivu na unga, kama mamaye alivyomfundisha. Tiketi ya bintiye Graciete ilionyesha kwamba ndege ingeondoka Luxemburg saa hiyo hiyo. Kutoka huko hadi Porto, mji wa Ureno ulio karibu na kwao, ni safari ya saa mbili na nusu, na mkate wa mahindi huiva kwa muda uo huo.

"Kwani ndege inaendeshwa kwa kuni zako?" Jirani yake Albertina alimcheka kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Ondoka hapo! Moshi utakuingia kinywani, maana hakifungwi."

Akaketi kizingitini, akafumba macho. Harufu ilipoanza kutoka, aliiona ndege ikiumuka polepole juu ya Ufaransa, nyeupe kama donge, mito ikipita chini yake bila sauti.

Watu husema Luxemburg si mbali: kilomita elfu moja na mia tano, unasinzia, umefika. Wasemao hivyo hawajawahi kupiga deki ofisi za wengine, wala kuambiwa na msimamizi, siku waliyofiwa na baba, "Ukienda, usirudi."

Mumewe Zeferino alizikwa siku ya pili, kama ilivyo ada. Graciete hakuwepo. Deolinda alimwambia kwa simu, "Saa mbili na nusu tu zimekushinda? Basi hukumpenda." Akakata. Kwa miaka minne tanuri halikuwashwa. Leo alitaka kulifuta neno lile kabla binti hajafungua hata sanduku lake.

Lango likalia. Ilikuwa saa tisa.

"Mama!"

"We! Umeshukaje? Bado nusu saa!"

"Saa za kule ziko mbele kwa saa moja, mama. Ulipokuwa ukikanda unga, mimi nilikuwa nimeshapaa."

Deolinda akatazama juu, kwenye mbingu aliyokuwa ameilinda bure. Graciete akalikaribia tanuri.

"Nifungue?"

"Thubutu! Mkate utabaki mbichi. Kaa."

Akaketi kando yake, koti likiwa bado mwilini.

"Neno lile la kwenye simu," Deolinda akasema, akilitazama tanuri, "halikuwa kweli. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nikilitamka. Nisamehe, mwanangu."

Graciete akamgeukia.

"Nilikata tiketi siku ile baba alipofariki. Nikafika mpaka kiwanjani, nikakaa pale dirishani, nikaitazama ndege ikiondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, nawe ulishakata simu?"

Ujiuji ulikuwa umekauka, ukaanza kupasuka ukingoni. Graciete akaukwangua kwa ukucha, akanusa kidole.

"Baba alikuwa akianza na ganda la chini."

"Lile lililoungua."

"Ndilo alilolipenda."

"Leo ni lako," Deolinda akasema. "Vua koti."

Graciete akalivua.