Mashine ya Baba ya Kunyolea

Nge, nge, nge: ndivyo mashine ya baba ya kunyolea ilivyolia akiigonga kwenye ukingo wa bakuli la bati. Mlio huo nimeusikia tena leo, nilipoigonga mashine kama ile niliyoikuta kwa muuza vyuma chakavu, bado ina harufu ya sabuni.

Kila Jumapili mimi ndiye niliyemshikia baba kioo. Siku moja nikaifungua mashine vipande vitatu nione siri yake, halafu kisahani cha kulazia wembe nikakirudisha juu chini. Wembe ukalegea, baba akajikata kidevu.

"Nani kachezea hii?"

"Mimi, baba."

Hakunipiga. Alikwenda dukani, ambako siku zile za ruksa ya bidhaa za nje plastiki ilikuwa imeingia tele, akarudi na vinyoleo vya plastiki vya kutumia na kutupa.

"Hivi hata kioo havitaki," alisema, akajinyolea bombani.

Iliniuma! Siku tatu nilihangaika na vile vipande nyuma ya jiko, nafunga, nafungua, machozi karibu. Mwishowe nikaona: kisahani kina mgongo, na wembe lazima upinde juu yake ndipo utulie. Nikakimbia.

"Baba, imepona!"

"Nimeshanyoa, mama. Hebu shika, laini kama shavu lako."

Nikarudi nyuma ya jiko. Kwenye tenga ambalo bibi alishuka nalo kutoka mlimani nikachagua tunda moja la pichi, nikalinyoa manyoya yake taratibu, lisichubuke hata kidogo. Kisha nikaigonga mashine kwenye bakuli. Nge, nge, nge.