Mapacha Waliozaliwa Kwenye Bili

Juzi nikitoka hospitali moja hapa Kitengela na mtoto wangu wa kwanza, bili ilinitoa jasho, kwa sababu ilihesabu watoto wawili, na bila kulipa yote hupiti getini.

"Niko na mmoja tu," nikamwambia keshia, nikafunua blanketi aone.

Akachungulia, akarudi kwa karatasi zake. "Hapa ni mapacha, mama. Majina mawili. Mwingine umemwacha wapi?"

Nikaanza kulia, maana askari wa geti alishasimama nyuma yangu. Ndipo ikajulikana kwamba mama yangu alimpa nesi wa asubuhi jina la Kikamba, na mama mkwe akampa nesi wa jioni jina la Kimaasai.

"Basi ni rahisi," keshia akasema. "Nifute lipi?"

"La Kimaasai," akajibu mama yangu, aliyekuja na mama mkwe kunichukua.

"La Kikamba," mama mkwe akajibu, akajiketisha kwenye benchi kama mtu aliyefika kwake.

Keshia akaweka kalamu chini, akaniangalia mimi.

Wanaotushauri tubishane na hospitali bili ikikosewa wajue hospitali yangu ilikubali kosa mara moja. Ni mimi niliyemwomba keshia anipe muda nitafute pesa, niwalipie watoto wote wawili twende nyumbani.