Mama Funguo na Mwanzo wa Ubao

Saa tisa na nusu alasiri kengele ya mwisho imeshalia na shule inatoka. Geti limefurika mashati meupe, mabegi na kelele. Kila mtu anaelekea nje. Mmoja tu anakwenda kinyume na mkondo: mwanamke mfupi, ndoo mkononi, kichala cha funguo kiunoni, anaupasua umati kwa mdomo wake. "Samahani wanangu. Samahani baba. We kaka, hebu toa hilo guu."

Funguo ni thelathini na nne, na ndizo zilizomnyang'anya jina lake. Kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi, wote wanamwita Mama Funguo. Ana miaka arobaini na saba. Kazi yake ni mhudumu: anafungua asubuhi, anafagia, anapiga deki, na jioni anafuta mbao na kufunga milango.

Kufuta ubao mmoja ni kazi ya dakika mbili. Yeye unamchukua robo saa. Ndani ya chumba namba saba anaweka ndoo chini, anasimama mbele ya ubao, dasta imening'inia mkononi, midomo ikicheza taratibu. Hafuti kitu asichokisoma.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nafuta tu," anasema. "Siku moja nikajiuliza, hivi mimi natupa nini kila siku? Hata taka, mtu unachungulia kwanza usije ukatupa kijiko."

Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Zamani, akiwa msichana, aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipopata kiharusi na wadogo zake watatu wakabaki wanatazamana. Yeye ndiye mkubwa, hakukuwa na wa kumuuliza. Shule aliyoiacha kwa mlango wa mbele akaja kuirudia na ndoo.

Sasa ni mwezi wa tano, na mwezi wa kumi atakaa kwa mara ya tatu kufanya mtihani wa usawa wa sekondari, ule wa watu wazima waliokatiza masomo. Mtaani wanauita mtihani wa waliochelewa. Ada yake ni nusu ya mshahara wake wa mwezi. Masomo mengine sita ameshayavuka. Limebaki hesabu, na hesabu imemkalia kooni kama mwiba wa samaki.

Mara ya kwanza alipata kumi na tisa kwa mia. Mara ya pili, ishirini na nane. Alama ya kufaulu ni thelathini na tano. Lakini serikali imetangaza kwamba inakusudia kuuongeza mtihani ugumu kuanzia mwakani: alama ya kufaulu iwe hamsini, na jibu lisilo na hatua zake lisipate kitu hata kama ni sahihi. Kwa Mama Funguo, mwaka huu ni basi la mwisho kwa nauli ya zamani.

Na kuna kinachomsubiri. Msaidizi wa maabara ya shule, anayeitwa na wote Mzee wa Maabara, anastaafu Desemba baada ya miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka minane Mama Funguo amemsaidia kuosha vyombo vyake vya kioo, na anajua kila chupa inakaa rafu gani na ipi haitakiwi kuwa jirani na ipi. Mzee anataka nafasi yake aichukue yeye. Kanuni inataka cheti cha sekondari.

"Ukikosa hicho cheti wataniletea mtu atakayenusa tindikali ajue kama ni tindikali," Mzee humwambia.

"Mzee wangu, hesabu ingekuwa chupa ningeshaiosha ikatakata."

Kwa nini mtu asome ubao miaka kumi na tisa na bado apate kumi na tisa? Jibu liko kwenye ubao wenyewe. Ubao ukijaa, mwalimu hufuta mwanzo ili apate pa kuandikia mwisho. Mhudumu anapoingia saa tisa na nusu anakuta mwisho tu. Mama Funguo amesoma maelfu ya miisho. Anajua majibu yanavyofanana, yanavyokaa, yanavyopigiwa mstari chini. Mwanzo hakuwahi kuuona.

Ndiyo maana kwenye mtihani wa kwanza alifanya kitu ambacho msahihishaji pengine hajawahi kukiona. Aliandika jibu chini kabisa ya karatasi, kisha akapanda nalo kwenda juu, mstari kwa mstari, mpaka akalifikia swali. Majibu kadhaa yalikuwa sahihi. Msahihishaji akapiga mkasi ukurasa mzima.

Mumewe ni fundi viatu, kibanda chake kiko mita chache kutoka mlangoni pao. Aliposimuliwa habari hiyo alicheka hadi akatema misumari aliyoibana midomoni.

"Mke wangu, umeshona kiatu kuanzia kamba?"

"Cheka tu. Wewe darasa la saba ulitoka na namba gani?"

"Mimi nilitoka na kaptula yangu, nashukuru." Kisha akaacha kucheka, akamwambia pole. Tangu hapo, kila Jumapili, yeye hugonga visigino na mkewe husoma kwa sauti, na fundi humkatiza kwa swali lile lile: "Haya, hapo unaanzia wapi?"

Mara nyingi hajui.

Mwezi wa sita ofisi ya elimu iliitisha mkutano wa kukusanya maoni juu ya mtihani huo, na ukumbi uliochaguliwa ukawa wa shule hiyo. Viti mia na sitini alivipanga Mama Funguo. Mkutano ulipoanza yeye alikaa nyuma kabisa, kwenye ngazi ya mlango, akingoja uishe afunge.

Wengi walipinga. Wakasema waliochelewa wamepata tabu ya kutosha, waachwe. Ndipo akasimama mwalimu wa hesabu wa chumba namba saba, kijana wa miaka thelathini na minne ambaye wanafunzi wanamwita Mwalimu Hatua, kwa sababu akisahihisha daftari lolote huuliza, "Hatua ziko wapi?"

"Mimi naunga mkono uwe mgumu," alisema, na ukumbi ukaguna. "Subirini. Cheti changu cha sekondari ni hiki hiki cha waliochelewa. Nilikuwa kondakta wa basi, nikasoma, nikafaulu, nikaenda chuo. Lakini kila shule niliyoripoti kuna mtu kaniuliza: 'Kumbe wewe uliingilia dirishani?' Miaka kumi najibu swali hilo. Sitaki mwingine aulizwe. Uwe mgumu, ili anayeupita asiulizwe kitu."

Mama Funguo, aliyefuta ubao wa mwalimu huyo miaka sita, hakuwa akijua neno moja la habari hiyo.

Ofisa aliyeongoza mkutano akatazama saa. "Kuna mwingine kabla hatujafunga?"

"Wa kufunga ni mimi," ikasikika sauti kutoka mlangoni.

Watu wakageuka, wakacheka. Naye akasimama, kwa kuwa alikwisha kujitia machoni mwao. Funguo zikalia kiunoni, akazishika zinyamaze.

"Mwalimu amesema kweli, na mimi simpingi," alisema. "Nafungua milango thelathini na minne kila siku. Mingine mizito, unasukuma kwa bega. Mlango mzito haujaniumiza. Unaoniumiza ni ule uliofungwa, halafu mtu anasimama ndani anakwambia sukuma." Akamgeukia Mwalimu Hatua. "Mnataka hatua. Mwalimu, mimi ubao wako naujua. Najua unapoishia. Unapoanzia sijawahi kupaona, maana nikifika umeshapafuta. Ongezeni ugumu. Lakini sisi tunaokuja saa tisa na nusu, nani atatuonyesha mwanzo?"

Hakuna aliyepiga makofi. Ofisa aliandika kitu. Mama Funguo akaona aibu, akaenda kukusanya viti kabla watu hawajainuka vizuri.

Kesho yake, saa kumi kasoro robo, alipoingia chumba namba saba alimkuta mwalimu amekaa kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi.

"Mama, miaka sita hukuniambia kwamba unasoma?"

"Ningekuambia saa ngapi, mwanangu? Ukiniona una haraka ya kutoka, nami nina ndoo."

Mwalimu akampa chaki. Akaandika juu ya ubao: mara tatu ya namba fulani, ukiongeza tano, unapata kumi na saba. "Nionyeshe unavyofanya."

Mama Funguo aliinama. Chini kabisa ya ubao, karibu na sakafu, akaandika nne. Juu yake akaandika kumi na mbili. Juu yake tena, kumi na saba. Kisha akanyoosha mgongo na kungoja kuchekwa.

Mwalimu hakucheka. Alizifuata namba kwa kidole, kutoka chini kwenda juu.

"Hii inaitwa kuhakiki," alisema. "Mama, wewe umejifunza kuhakiki kabla ya kutatua. Nina watu wa kidato cha nne nawapigia kelele miaka minne wahakiki majibu yao, hawataki." Akachukua chaki nyingine. "Ngazi unayo. Tatizo unaipanda tu, hujafundishwa kushuka. Njoo tushuke."

Kuanzia siku hiyo Mwalimu Hatua alibadili namna ya kufuta. Ubao ukijaa darasani, anafuta upande wa kulia na kuuacha wa kushoto, penye mwanzo wa somo. Wanafunzi walilalamika kwamba anajibana kuandika kwenye nusu ubao kama anaogopa kuimaliza chaki. Hakuwaeleza. Saa tisa na nusu mwanzo unakuwa pale, unangoja.

Nyumbani fundi viatu akaanza kupata majibu ya swali lake. "Unaanzia wapi?" "Naondoa tano pande zote." "Kwa nini?" "Kwa sababu ndiyo ya mwisho kuvaliwa, kwa hiyo ya kwanza kuvuliwa. Kama kiatu na soksi." Fundi akatikisa kichwa. "Haya sasa yanaanza kuwa mambo ya heshima."

Jioni ya kuamkia mtihani, meza za ukumbini alizipanga yeye, kama kila mwaka. Kuna moja yenye mguu mfupi, inayumba ukiandika. Anaijua. Aliiweka pale ambapo msimamizi angebandika namba yake yeye. "Nani mwingine nimpe?" anauliza. "Ningefanya mtihani huku namsikia mtu anayumba?" Mumewe aliposikia alikata kipande cha soli, akakipima kwa kidole, akamtilia mfukoni. Kiliingia chini ya ule mguu barabara.

Matokeo yalitoka wiki ya pili ya Desemba. Aliyasoma maabara, kwenye simu ya Mzee, baada ya kukausha mikono mara mbili. Hesabu: arobaini na moja.

Mzee alimpigia makofi peke yake. Mama Funguo alishika ukingo wa sinki, akalia kidogo, kisha akaendelea kuosha chupa iliyokuwa imebaki.

Mabadiliko yalipitishwa: alama ni hamsini, na hatua ni lazima. Madarasa ya jioni yaliyoombwa na wengi hayajaanza. Mwalimu Hatua anafundisha watu wazima kumi na mmoja chumba namba saba, Jumanne na Alhamisi saa kumi, bila malipo, na bado anasema mtihani ulistahili kuwa mgumu. Mzee wa Maabara amestaafu. Hupita kila mwisho wa mwezi kukagua rafu na kulalamika. Fundi viatu ameagiza cheti cha mkewe kiwekwe kioo, na kinaning'inia kibandani juu ya misumari.

Mama Funguo ni msaidizi wa maabara tangu Januari, kwa kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja. Amebaki na funguo tatu, na jina halijabadilika. Amejiandikisha kurudia hesabu mwezi wa kumi, ile ngumu, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo. "Arobaini na moja imenipa kazi," anasema. "Hamsini naitaka ya kwangu."

Mbao sasa anazifuta mhudumu mpya, mama mwenye miaka thelathini na mmoja aliyeachia darasa la sita. Siku ya kwanza Mama Funguo alimwonyesha ndoo inakokaa, akamwonyesha dasta, akamwambia aanze kufuta upande wa kulia.