Mshenga wa Baba

Mwaka niliotoka chuo cha ualimu, bendera ya Waingereza ikiwa bado inapepea bomani Same, nilirudi nyumbani, kijiji cha Mamba huko milimani, nipumzike kabla ya kupangiwa shule. Badala ya kupumzika nikapewa ushenga. Nilimposea baba yangu mke, na mke mwenyewe alikuwa mama yangu.

Baba alikuwa hajafika miaka hamsini. Meno yote yalikuwa kinywani, na alipanda mlima na gunia begani bila kuhema. Kilichokuwa kikimtoka ni kumbukumbu. Alianza kwa kusahau jembe shambani, jambo ambalo hata mimi hulifanya, nikawa na wasiwasi kwamba nami nimeanza. Kisha akasahau zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Kisha akasahau majina ya mbuzi, halafu yetu. Daktari wa bomani alimgonga magoti kwa kinyundo, akasema magoti ni mazima.

Nilipofika, baba alikuwa amerudi kwenye ujana wake. Aliamini hajaoa. Mama alimjua vizuri sana, ila alimjua kama binti wa ng'ambo ya bonde ambaye roho yake ilimtaka. Na kwa kuwa alilelewa vyema, hakukubali kulala nyumba moja na binti wa watu kabla ya kupeleka posa. Kila jioni alichukua blanketi lake, akaenda kwenye banda la mbuzi. Ilikuwa miezi ya baridi, na ukungu wa kwetu huingia mpaka ndani ya blanketi. Akaanza kukohoa.

Baba mdogo, aliyekuwa na duka karibu na stesheni ya Same, alipanda kuja kumtazama. Aliposikia kile kikohozi akasema kwamba Jumamosi atakuja kumchukua kaka yake, wakaishi wote huko chini kwenye joto. Mama akamjibu kuwa mumewe hahami. Baba mdogo akasema kwa upole kwamba mume asiyelala ndani ni vigumu kumtetea. Mama akageukia jiko, akachochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Nikajaribu elimu. Nikamkalisha baba, nikampangia wanawe wote mbele yake kama ushahidi. Alitutazama kwa huruma, akauliza wazazi wetu wanaishi wapi.

Ijumaa akaniita kando ya banda. Jina langu lilikuwa limemtoka, lakini kazi yangu aliishika.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni mtu wa maneno. Nenda kwa yule binti ukaniombee."

Nikamuuliza posa hupelekwa pamoja na nini. Akashangaa nimelelewa wapi: hupelekwa pamoja na dengelua, pombe ya miwa. Hapo kichwa changu kikaanza kazi yake. Baba ni mzee wa kanisa, pombe aliiacha kabla sijazaliwa. Tena, je, huu si uongo? Na kama ni uongo, mwalimu atasimamaje mbele ya watoto? Na waliofunga ndoa kanisani wanaweza kuposana upya? Nilimpelekea mama maswali yote hayo. Alikuwa akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nikakamue miwa.

Baba alionja kibuyu cha maji yale ya miwa, akakunja uso. Akasema dengelua haijachacha. Nikamweleza kwamba kwao binti ni watu wa kanisa. Akawaza kidogo, akakubali kwamba watu wa kanisa wana usumbufu wao.

Nikavuka uwanja, nikapiga hodi mlangoni kwa mama yangu mwenyewe. Nilitoa hotuba ndefu niliyoiandaa, nikasahau katikati, nikaanza upya. Mama hakucheka. Alikunywa kidogo, akafuta midomo kwa khanga, akatazama upande wa banda, ambako mwanamume mmoja alikuwa amejificha vibaya nyuma ya mgomba.

"Mwambie nimekubali," alisema. "Na aje sasa hivi, makande yanapoa."

Baba alinawa uso, akapiga hodi, akala, akalala ndani. Asubuhi kikohozi kilikuwepo bado, lakini kilisikika kutoka chumbani.

Baba mdogo alipofika, baba alimpokea mlangoni akiwa amemshika mama mkono.

"Mdogo wangu, umechelewa. Nimeoa jana."

Baba mdogo akamtazama mama, akanitazama mimi, nami nikautazama mgomba. Akauliza kaka yake ametoa nini. Baba akasema maji ya miwa, kwa fahari ya mtu aliyepunguziwa bei. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kisha akala makande, akashuka Same peke yake.

Posa ile haikudumu. Baada ya siku chache baba alichukua blanketi tena, nami nikachukua kibuyu, na ikawa hivyo. Nilipopangiwa shule ya mbali, nilihangaika kutafuta mshenga wa kushika nafasi yangu. Mama akaniambia nifunge sanduku langu.

Jioni ya mwisho nilikuta kibuyu hakipo mahali pake. Nikachungulia nje. Mama alikuwa bandani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibuyu mapajani, anamposa baba. Baba alikuwa akimwambia kwamba atafikiria.