Pipa la Haralampie

Haralampie alizikwa wakati wa theluji, na divai yake ya mwisho ikabaki kwenye pipa katika chumba cha chini ya nyumba, ikiendelea kuiva. Sisi majirani tulidhani mkewe, Zinovia, angetuonjesha siku ya arobaini. Wapi! Alitupatia ya dukani. Ufunguo wa chumba cha chini aliuvaa shingoni pamoja na msalaba.

"Namsubiri Ghenadie," alisema. Huyo ni mwanawe, dereva wa malori Italia. "Ndiye atakayelifungua."

Ghenadie akasema atakuja Pasaka. Kisha akasema atakuja wakati wa kuchuma zabibu. Kila Jumamosi Zinovia alishuka akapangusa pipa kwa kitambaa. Nikipita uani namsikia anaongea, na najua fika hayuko na mtu.

Mbao hunywa divai. Pipa hupungua lenyewe, na lisipoongezewa divai, hewa huingia. Haralampie alikuwa halisahau. Nikamwambia Zinovia, "Mwenzangu, chukua dumu la kwangu ulijaze. Itaharibika hiyo."

"Divai yako, Profira? Ile inayokwaruza koo kama msasa?" Akacheka. Halafu kicheko kikakatika. "Sitaki kuichanganya na ya mtu. Ikichanganywa si yake tena."



Krismasi ya pili Ghenadie hakuja vilevile. Zinovia akanigongea mlango, glasi mbili mkononi. Tukashuka, akafungua koki mwenyewe. Harufu ilinifikia kabla ya glasi: siki tupu.

Alinywa glasi yake yote, polepole, machozi yakimlengalenga. Nami nikanywa yangu. Ningefanyaje?

"Niambie kweli. Imeharibika?"

"Imeharibika, dada."

Tulikuwa tumerudi jikoni Ghenadie alipopiga simu. "Mama, divai ya baba bado ipo?"

"Imekuwa siki, mwanangu."

"Ah, usijali, mama! Huku zipo tele, nitakuletea nzuri zaidi."

Aliaga upesi, yuko barabarani na lori. Zinovia akabaki na simu sikioni, nami naisikia kabisa kwamba imeshakatika.

Siki ile tuliitumia kusindikia nyanya na kabichi, na nusu ya kijiji wakala wakasifu. Zinovia hakuonja hata kipande. Siku hizi mlango wa chini haufungwi. Jumamosi anakaa jikoni, redio ameifungulia hadi mwisho, na nikibisha hodi inabidi nibishe sana.